Mikono ya Kugawa Chai

Shangazi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu. Jana nilienda kwenye kikundi cha wanaoacha pombe, nyuma ya zahanati, kumwombea Baba nafasi. Pale mgeni ndiye hugawa chai. Vikombe vikagongana mikononi mwangu, chai ikamwagikia viatu vya kinyozi, mwenyekiti wao.

"Baba utamleta siku nyingine, kijana," akaniambia taratibu. "Leo kaa wewe."

Nikakaa. Siku hizi nikikohoa, Shangazi, namsikia Baba kooni mwangu. Yeye mwenyewe anaamini ndiye anayezimaliza peke yake chupa zake za pombe, maana akilewa hakumbuki.

Nasikia hatua zake zikija mlangoni, anaitafuta chupa ya leo. Naificha barua chini ya godoro langu, pale pale nilipoificha chupa yake.

Mwanao,
Kimya