Simu Iliyokwenda kwa Baba

Kijijini, siku tatu baada ya mwezi mpevu wa mwezi wa saba

Mdogo wangu Khoát,

Salamu nyingi zikufikie huko Hanoi. Hujambo? Kazi ya dukani inaendeleaje, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Huku mvua inanyesha na karatasi zangu hazikauki, lakini mimi ni mzima. Mama ndiye si mzima sana, na ndiye aliyeniketisha nikuandikie, maana nimekupigia kwa simu ya jirani mpaka nikaona haya, na wewe hupokei.

Mama anakuomba msamaha. Naandika alivyosema, nisije nikaambiwa nimepunguza. Anasema, mwanangu usinikasirikie, mama yako amezeeka na macho yamemwishia, ile simu uliyoniletea nimeichoma moto.

Ndiyo, imechomwa. Ngoja nikueleze.

Unajua mwenyewe tulivyoihangaikia. Ile ya zamani iligoma kupiga simu za kuonana, ukatuambia haina dawa, wenye mitambo wameshazitupa simu za umri ule. Mwezi wa pili ukasema mpya ni dong milioni nne. Nikakusanya. Mwezi wa nne ukasema, dada, bei imepanda dunia nzima, memori za ndani zimekuwa kama dhahabu, ongeza. Nikauza nguruwe. Mwezi wa sita ukasema ongeza tena. Nilikutania, ukumbuke, kwamba heri marehemu: kila mwaka nawatengenezea simu ya toleo jipya kwa karatasi na gundi, tunaichoma iwafikie huko waliko, na bei yake haifiki bakuli la supu ya tambi. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Nikatoa tena. Wala haikuwa kwa kutaka fahari. Daktari alishasema presha ya macho ya Mama hairudi nyuma, na dada yetu Mận amejifungua huko Taiwani mtoto ambaye Mama hajamwona. Mama alikuwa na ombi moja tu, amwone mjukuu wake, hata kwenye kioo cha simu, kabla giza halijafunga. Ulilijua ombi hilo kama ninavyolijua mimi.

Siku ya kumkumbuka Baba ukaja na sanduku. Mimi nilikuwa jikoni nanyonyoa bata. Mama anasema ulimfunulia kidogo, akaona kitu kinang'aa, akalipima sanduku mkononi akasema, ala, zito hasa! Ukamwambia asiiguse simu kwanza, laini bado inasajiliwa, ikae kwenye meza ya ubani wa marehemu, Baba aione, mpaka mwezi ujae. Kuwaonyesha wazee waliotangulia kitu kipya ndiyo desturi yetu, nani angeshangaa? Majirani walikuja kulitazama hilo sanduku. Bibi Chắt akasema, mwenzangu una bahati, wa kwangu akija ananiletea nguo chafu. Mama alizunguka kijiji kizima akikusifu, nami nikaona wivu kidogo, kusema kweli, maana nguruwe alikuwa wangu.

Basi mwezi ukajaa. Pale pale mezani nilikuwa nimeweka vitu vya kumchomea Baba: nguo za karatasi, noti za karatasi, na simu ya karatasi ndani ya sanduku lake, lile ninalojisifu kwamba hata mwenye kiwanda angedanganyika. Nikatoka kuchukua kiberiti kwa Bibi Chắt, changu kilikuwa kimelowa. Kumbe Mama alikuwa na chake. Akapapasa mezani, akabeba masanduku yote mawili, akayatia kwenye pipa, akawasha, akamwambia Baba apokee. Niliporudi lako lilikuwa linaungua ubavuni. Nilipiga kelele, nikaingiza mkono.

Mama alipoelewa alichofanya alikaa chini kwenye matope akajipiga kifua. Tangu hapo hali chakula vizuri. Anasema mwanangu kajinyima mjini, nami nimemchomea jasho lake. Amevua hereni zake za harusi, akaniambia niziuze nikutumie fedha, usije ukapata hasara kwa ujinga wake.

Nimemsomea barua mpaka hapo. Yanayofuata hakuyasikia.

Sanduku nililitoa motoni, Khoát. Nililitupa uani, nikasimama mbali nikingoja betri ilipuke. Haikulipuka. Nikalipeleka kwenye banda la nguruwe, ambalo siku hizi halina mtu, nikalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha kigae cha paa, na juu yake simu ya karatasi. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Kile kitufe cha pembeni nakikata kikiwa kimepinda, tangu kisu kilipochukua ncha ya kidole changu, na wewe ndiye uliyenifunga kile kidonda. Uliichomoa kwenye kamba yangu ya kuanikia, nikiwa jikoni nakupikia bata.

Sasa najua ulichokuwa unacheka.

Fedha na nguruwe ningekusamehe, naapa. Ungesema umekwama, ningekutukana siku mbili halafu yakaisha. Lakini vitu hivi tunawapa wafu, Khoát. Wewe ulimpa Mama. Yuko hai, anakuombea, na wewe ukampa vya wafu! Mkono uliofungwa dawa unaniuma ninavyokuandikia.

Mama sijamwambia. Nisikufiche, sikunyamaza kwa kukuonea huruma. Nilimwonea yeye, maana akijua, atakuwa amekosa simu na mtoto kwa pamoja. Lakini siwezi kumtazama akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Njoo kabla mwezi huu haujaisha, uwe na simu au uje mikono mitupu, umwambie kwa mdomo wako, angali anaweza kukuona unapomwambia. Usipokuja, nitamwambia mimi.

Hereni ninazo. Sikuziuza, wala sikukutumia. Niliogopa ungezipokea.

Bibi Chắt anakusalimu, anauliza kama dukani kwenu mwanawe anaweza kupata kazi. Mama naye anakusalimu sana. Anasema uvae vizuri mvua ikinyesha, kifua kisirudi, na usihangaike kumnunulia simu nyingine, kwa sababu bei zimepanda.

Ni mimi dada yako,
Thơm