Majina Yanayorudi Kwenye Skrini

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika kituo cha afya, nimevaa koti la unesi, nimepanga mafaili ya Chumba Sita. Mvua tangu alfajiri. Nikaenda ukumbini, skrini ya foleni inaonyesha majina kamili. Tena. Ijumaa niliweka "namba tu", nikabonyeza hifadhi, ikajibu imehifadhiwa. Uongo mtupu.

Jina, ukoo, na pembeni: Chumba 6. Rungwe nzima inajua Chumba 6 ni dawa za virusi vya Ukimwi.

Mama mmoja wa kijiji cha Lupepo alikuwa kwenye benchi. Hata humu siandiki jina lake. Kando yake wifi yake, kaja na mtoto mwenye homa, wamekutana tu. Skrini ikaita. Wifi akasoma, akamgeukia. Mama akajifunika kitenge kichwani, akatoka kwenye mvua bila dawa. Alizobaki nazo zinaisha wiki hii.

Nimekasirika.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi majina. Nikabadilisha. Mchana kutwa namba, safi kabisa. Nikampigia fundi wa kampuni iliyotuletea mfumo, yuko Dar es Salaam. Kijana.

"Mama, labda hukubonyeza hifadhi."

Nilianza kusoma vitabu kabla hajazaliwa. Kubonyeza naweza.

"Vituo vingine inakaa," akasema. Kwa hiyo tatizo ni sisi wa Tukuyu. Siku zote tatizo ni aliye mbali, kamwe si aliyekaa mezani akaamua. Nimemwandikia barua pepe ndefu na kali. Nimefurahi kuiandika. Haikubadilisha kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Majina. Nikamvaa Gwamaka wa masjala mbele ya watu: nani anaingia kwenye mipangilio nikishaondoka?

"Sista, na mimi nikiwasha nakuta hivyohivyo. Ungeniuliza kwanza ndo unitukane."

Ana haki. Sikumwomba radhi. Nilichukua shuka la wodini nikaifunika skrini. Daktari mfawidhi akaja.

"Sista, kesho tuna wageni wa mkoa. Wanakuja kuangalia mfumo, si shuka."

"Basi waangalie na watu wanaoukimbia."

Shuka limetolewa. Nchi hii ina ugonjwa wa kudhani kila kinachong'aa ukutani ni maendeleo. Nimeshaandika makala magazetini kuhusu hilo na nitaandika tena. Ila makala haimezwi na maji asubuhi na jioni. Yule mama anahitaji dawa.

Ijumaa, 7 Machi
Simu ya yule mama imezimwa. Kwenda kwake siwezi. Nesi akionekana kwenye migomba ya Lupepo anaulizia nyumba, hilo ni tangazo kubwa kuliko skrini. Dawa zake zinaisha, kama si leo kesho. Situlii. Nimepanga upya kabati ambalo lilikuwa limepangwa.

Wageni walikuja. Wakapiga picha chini ya skrini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeipata.

Jioni tulikaa mimi na Gwamaka tukiilinda skrini kama askari. Namba, namba, namba. Hakuna mkono wa mtu. Radi ikaanza upande wa mlimani. Mzee Ambakisye, mlinzi wetu, akaingia na kuchomoa nyaya kama kawaida yake: birika, kompyuta, skrini. Hakuna nyumba Tukuyu isiyofanya hivyo mawingu yakifunga. Mimi mwenyewe nyumbani nachomoa bila kufikiri.

Radi ilipopita Gwamaka akasema, "Sista, hebu tuichomeke." Tukachomeka. Majina.

Tukaweka namba, tukachomoa, tukachomeka. Majina.

Nikampigia yule kijana.

"Kwani mnazima?"

"Kila jioni, mwanangu. Huku kuna radi."

Nikasikia anabonyeza kompyuta yake. Kisha akaeleza, safari hii kwa adabu. Ubao wa foleni haukai ndani ya skrini. Seva yao inautengeneza upya kila skrini inapowashwa, kwa kufuata kiolezo, yaani mpangilio wa mwanzo waliouweka huko. Mimi nilikuwa nabadilisha ubao uliokuwa hai wakati ule tu. Waya ukitoka, ubao umekufa na mpangilio wangu umekufa nao. Vituo vingine hawazimi, hivyo hawajawahi kuona.

"Na kiolezo kinasema majina kwa nini?"

"Ndivyo kilivyokuja, mama."

Ndivyo kilivyokuja. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyejiuliza. Imeniuma kuliko kama kungekuwa na adui. Adui ningejua la kumfanya.

Nimemwomba Gwamaka radhi. "Yaishe," akasema. "Ila kesho nifokee kidogo, watu wasidhani unaumwa."

Jumatano, 12 Machi
Wamebadilisha kiolezo hukohuko kwenye seva. Nimechomoa mwenyewe, nimechomeka. Namba. Nikarudia. Namba. Mzee Ambakisye ananitazama: "Sista, utaiunguza hiyo. Halafu utasema radi."

Gwamaka akapiga makofi. Mimi sikuweza. Faili la yule mama bado liko mezani kwangu, simu yake bado imezimwa. Tumetengeneza skrini kwa ajili ya waliobaki.

Ijumaa, 14 Machi
Simu kutoka kliniki moja ya Mbeya mjini. Muuguzi mwenzangu, simfahamu.

"Dada, nina mama hapa, anasema alikuwa anachukua dawa kwenu. Anaomba uhamisho." Akanisomea namba ya faili: ndiyo hii iliyoko mezani kwangu.

Nikakaa chini. Nikauliza kama alikatisha dozi. Alikatisha siku kadhaa, leo ameanza tena. Nikamwomba amwambie kwamba skrini imerekebishwa, majina hayaonekani tena, kwetu ni karibu na kwake. Nikasikia wakizungumza kwa chini.

"Anasema ndaga fijo, Sista. Anashukuru sana. Ila atakuwa anakuja huku."

Kila mara atapoteza siku nzima njiani, na kwa wifi atatafuta la kusema.   Nimejaza fomu ya uhamisho, dawa anazotumia na tangu lini, nimetuma.

Halafu nikaenda ukumbini. Skrini iliita namba. Mzee mmoja akainuka, akaja Chumba Sita polepole, na kwenye mabenchi hakuna aliyegeuka kumtazama.