Kilo Tatu na Nusu za Maji

Majengo, Mpanda. Alhamisi, Juni 1996, alasiri.

Upepo wa kiangazi umeanza, ule unaozoa vumbi la barabarani na kulileta hadi kwenye sahani. Asubuhi ilikuwa baridi ya kuvaa koti, sasa jua ni kali. Nimekaa barazani na daftari hili, miguu nimeipandisha juu ya kigoda kama chifu. Ni amri ya daktari, lakini wapita njia hawajui, wanaamkia kwa heshima na mimi naitikia.

Nina furaha leo. Acha niandike.

Nimepewa ruhusa ya kwenda Majimoto.

Stella, mtoto wa dada yangu, anaolewa huko Jumamosi. Kwetu sisi binti hatoki nyumbani kwao mpaka mjomba wake amshike mkono, amtoe mlangoni, amfikishe uani wanakomngoja wakwe, watu wote wakitazama. Baba mtu anakaa kwenye kiti chake kimya. Mwenye kazi ni mjomba. Na Stella hana mjomba mwingine, ndugu zangu wote wa kiume nimeshawazika. Nisingekwenda, mkono angeshikwa na binamu yetu Wenseslaus, mtu mfupi, sauti kama ya mbu, ambaye hata kuku wake hawamsikii. Dada aliniletea barua akaandika waziwazi: "Kaka, kama moyo unasumbua, Wenseslaus amekubali." Amekubali! Nani alimuuliza?

Sasa niseme habari ya moyo.

Mimi ni mpimaji wa ghala. Mwaka wa ishirini huu nasimama kwenye mizani, napima mpunga unaotoka Mamba na Majimoto. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, lakini hesabu ya kilo hakuna wa kunishinda Mpanda nzima. Nikiwa kijana nilibeba magunia mawili ya mpunga kwa mpigo, moja kila bega, nikavuka nayo Mto Katuma, na kiboko alipotokeza kichwa nilimkohoa tu akazama. Walioona wako hai, waulizwe. Basi mtu wa namna hiyo, mwaka jana, akaanza kuhema kwa kufunga kamba za viatu.

Nilisema ni vumbi la mpunga. Nikasema ni uzee, nikasema ni viatu vyenyewe. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo kama kwenye unga uliokandwa. Nikilala chali naona mtu amenikalia kifuani, ikabidi niegemee mito mitatu. Mama Deo, mke wangu, hakubishana na mimi. Alininyang'anya viatu akasema, "Baba Deo, leo unakwenda hospitali na ndala zangu."

Nikaenda na ndala zake.

Daktari ni mama mwembamba, mpole wa sauti, ila haachi neno lipite. Alipima presha mara mbili, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akasema moyo wangu umeshindwa kufanya kazi. Mimi niliposikia umeshindwa nikajua ni kufa kabla ya jioni. Nikaomba karatasi niandike nani achukue mbuzi. Akanitazama.

"Mzee, moyo uliosimama haukai hapa ukaomba karatasi. Wako unasukuma, umechoka tu. Presha imeuchosha miaka mingi bila wewe kujua."

Akanieleza mambo ambayo nayaandika hapa ili nisiyasahau. Moyo ni pampu. Pampu ikilegea, damu haisukumwi sawasawa, na maji yanayotakiwa kutoka mwilini yanabaki. Yanashuka miguuni, yanajaa tumboni, yanapanda kwenye mapafu, ndiyo maana nahema. Si ugonjwa wa kumeza dozi ukamalizika kama malaria. Huu ni wa kukaa nao. Vidonge kila siku, hata siku ninayojiona mzima. Kimoja cha kukojoa, kutoa maji. Kingine cha presha, na kile kidogo kabisa cha kuusaidia moyo wenyewe. Chumvi niipunguze mno. Pombe niache, sigara niache. Nitembee polepole kila siku, nikichoka nikae. Na nijipime uzito kila asubuhi, nikishatoka chooni na kabla ya kula, nguo zilezile. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku chache, nisisubiri tarehe ya kliniki, niende.

Kupima, nikamwambia, umefika kwa mwenyewe.

Kwa hiyo toka mwezi wa tatu kila asubuhi napanda kwenye mizani ya ghala kabla ya gunia la kwanza. Wapakiaji wanafurahi kweli. Leonsi, ndiye msemaji wao, husogeza jiwe la mizani anaita kama mnadani: "Gunia la Mjomba! Themanini na mbili! Lina pumba nyingi, lipepetwe!" Nawaacha wacheke. Nilikuwa nimeteremka hadi themanini na mbili, nalala kwa mto mmoja, naandika kila siku nyuma ya daftari.

Halafu mwezi huu nikaanza kupanda. Themanini na tatu. Themanini na nne. Alhamisi iliyopita, siku ya kliniki, viatu vikagoma tena.

Daktari hakupenda. Akaniuliza habari ya chumvi, nikaapa mbele za Mungu kwamba chumvi nyumbani kwangu imekuwa kama mgeni wa mbali. Na ilikuwa kweli. Akaniongezea kidonge cha kukojoa, akasema, "Alhamisi ijayo urudi. Ukiwa umeshuka hadi themanini na mbili, utakwenda harusini. Ukiwa juu ya hapo nakulaza, na Majimoto utaisikia kwa barua."

Nilitoka pale nikihesabu siku kwa vidole.

Ijumaa nikapima, themanini na nne na nusu. Jumamosi, themanini na tano. Jumapili, maana msimu wa mpunga ghala halifungwi, themanini na tano na nusu. Nameza vidonge, chumvi sili, na bado napanda. Leonsi siku ile hakuita kama mnadani. Alirudisha jiwe la mizani taratibu akasema, "Mjomba, kaa kidogo." Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu anayekutania akiacha kukutania, jua lipo jambo.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: Jumapili nilipotoka ghalani nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia. Si sana. Kama dakika tano.

Jumatatu mchana akaja Masanja, mfugaji wa Majimoto, kaleta mpunga kwa lori. Tunajuana siku nyingi. Ilikuwa saa ya kula, Mama Deo amenipelekea maharage kwenye bakuli, nikamkaribisha. Akaonja kijiko kimoja akakirudisha.

"Kaka, haya maharage au mnalambisha ng'ombe?"

"Una maana gani?"

"Magadi haya. Sisi ng'ombe wakitaka chumvi tunawapa magadi. Wakishalamba, wanakunywa maji mpaka matumbo yanagusa chini."

Akaendelea na habari ya ndama wake, mimi simsikii tena. Nimeshika kijiko hewani.

Maana ni hivi. Daktari alipokataza chumvi, maharage yakawa hayana ladha, ni kama kutafuna mfuko. Nikafikiri na akili yangu. Daktari amekataza chumvi, magadi hakuyataja. Magadi si chumvi, magadi ni ya kulainishia maharage, mama yangu alitumia, bibi yangu alitumia. Nikamwambia Mama Deo aongeze, tena na kwenye kisamvu, na kwenye mlenda. Akaniuliza, "Daktari amekubali?" Nikamjibu kwamba mimi na daktari tunaelewana. Mwezi mzima nikala magadi, na nikawasimulia wapakiaji jinsi nilivyoizunguka hospitali.

Na haya mimi ndiye niliyeyafanya. Mkulima akilowanisha mpunga ili gunia lipate uzito, najua kabla halijafika kwenye mizani. Natia mkono ndani, nashika punje, nanusa, namwambia rudisha ukaanike. Miaka ishirini hakuna aliyeniuzia maji kwa bei ya mpunga. Gunia langu mwenyewe limelowa, nalipandisha kila asubuhi, nasoma namba, sioni kitu.

Sikusubiri Alhamisi. Jumatatu ileile nikaenda hospitali na bakuli lenye maharage ndani, ili daktari aone. Akanusa. Hakucheka, ila alikaza midomo.

"Mzee, magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vinashika maji mwilini. Kitu gani kingine hujaniambia?"

Ilibidi niseme. Jumamosi, siku yenye kazi kubwa ghalani, kile kidonge cha kukojoa huwa simezi. Kinanipeleka chooni kila nusu saa, na mpimaji akiondoka kwenye mizani watu wana mambo yao. Nilidhani siku moja kwa wiki haina neno.

"Ina neno," akasema. "Usiruke. Siku ya shughuli uniambie mapema, tupange saa ya kumeza. Kidonge kinaweza kusogea saa chache. Kukiacha, hapana."

Aliandika kwenye kadi yangu, akachora mstari chini ya neno magadi, mara mbili. Nilijisikia kama mtoto wa darasa la kwanza, na ajabu ni kwamba nilijisikia vizuri. Kama nakosea, basi kosa linarekebishika. Kilichonitisha ni kufanya kila kitu sawa na bado kupanda.

Mama Deo nilimwambia ukweli siku hiyohiyo. Alisimama na mwiko mkononi.

"Kumbe mnaelewana na daktari."

"Mama Deo, nimekosa."

"Mwezi mzima nakutilia sumu kwa mkono wangu, nadhani nakupikia."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko mstari wa daktari. Alichukua kopo la magadi akampelekea jirani. Maharage sasa analoweka toka jana yake, anachemsha mpaka yanalegea yenyewe, anatia nyanya, vitunguu, kitunguu saumu, na ndimu mwishoni. Nisiwe mwongo, mara ya kwanza nilikula kwa adabu tu. Jana niliomba tena.

Jumanne themanini na nne. Chooni nilikwenda mara ambazo siwezi kuandika, watu hawataamini, ingawa mimi sina tabia ya kuongeza chumvi kwenye habari. Jumatano themanini na tatu. Shimo la kidole mguuni likawa halikai. Jana nililala bila kuamka kuhema.

Leo alfajiri nilipanda kwenye mizani na shati lilelile. Wapakiaji wote wamesimama, hakuna aliyeshika gunia. Leonsi akasogeza jiwe, akalirudisha, akalisogeza tena.

"Themanini na mbili kamili. Gunia limekauka! Mjomba, unapakiwa!"

Tajiri wetu akatoka ofisini kuuliza kelele za nini. Kilo tatu na nusu za maji, nikamwambia, kwa siku nne. Hazijazi hata ndoo, akasema. Nikamwambia ndoo yako ni kubwa.

Daktari aliniweka kwenye mizani yake. Inasoma pungufu kidogo, nilimwambia, akasema asante. Akasikiliza mapafu kwa muda mrefu, akabonyeza miguu, akasema niende. Nikae mbele kwa dereva wa lori, na kila likisimama nishuke nitembee. Kesho, siku ya safari, kidonge cha kukojoa nimeze nikishafika. Vingine asubuhi kama kawaida. Harusini nisiguse pombe, nisile nyama ya kuchoma yenye chumvi, na nikivimba au nikihema nirudi, nisione haya.

"Na kubeba chochote, mzee, hapana. Hata mtoto."

Nikamwambia namshika Stella mkono tu. Akasema mkono sawa.

Moyo wangu hautarudi ule wa Mto Katuma. Nimemuuliza wazi na amenijibu wazi. Leo sikuona uchungu sana. Nina umri wa miaka hamsini na mbili, nina mke anayeloweka maharage toka jana yake, nina mizani.

Kuna jambo moja bado nalifikiria. Kutoka mlangoni kwa dada hadi uani ni kama hatua arobaini, na kuna kimlima kidogo. Najijua, katikati nitahitaji kusimama nivute pumzi. Nimwambie dada mapema, au ninyamaze na Wenseslaus asipate la kusema?

Nimeamua. Nitamwambia Stella peke yake, kesho nikifika. Kwamba tukifika katikati tutasimama, yeye atazame chini kama bibi harusi anavyotakiwa, mimi nitatazama watu kama mjomba anavyotakiwa, na tutakaa hapo mpaka nitakapombana mkono. Wanawake watapiga vigelegele, wakidhani tumesimama kwa heshima. Kisha tutazimaliza zile hatua ishirini zilizobaki, taratibu.