Ile "ndiyo" ya mjomba

Wee, uko wapi? Shika simu.

Si unajua kazi yangu, kuvaa hedifoni na kuchapa kila neno linalosemwa bungeni. Leo nimepewa mjadala wa kuvunja soko letu. Soko analouzia mama!

Mjomba kasimama. Mbunge wetu wa upinzani, kiti cha nyuma kabisa, huyu tuliyemzungukia kampeni mpaka viatu vikaisha soli. Kaongea jamani! "Soko hili halivunjwi nikiwa hai!" Nachapa huku nalia.

Kisha Spika akaita kura ya sauti. Wanaoafiki soko livunjwe waseme ndiyo.

Mjomba kasahau kuzima maiki yake.

"Ndiyo."

NDIYO! Sauti yake, humu sikioni mwangu. Nikarudisha nyuma. Ndiyo. Nikarudisha tena. Ndiyo, na kile kikohozi chake cha nyumbani.

Katuuza mchana kweupe.

Nimemfuata kwenye korido. Unajua kaniambia nini? "Mpwa wangu, siasa ina mengi. Kwani kura ya sauti huwa mnaandika nani kasema nini?"

Hatuandiki. Na anajua hatuandiki! Hotuba inaingia yote, kura inaingia mstari mmoja tu: walioafiki wameshinda.

Sasa hivi mama kanitumia ujumbe: "Mwambie kaka yangu soko zima linamshukuru, tumesikia hotuba yake redioni."

Nimerudi mezani, nimechapa ule mstari mmoja, nimempelekea bosi.

Mjomba katoka msafi, kwa vidole vyangu mwenyewe.