Paka wa Ghalani na Kibuyu cha Kaka Miraji

Mkongo, Mfungo Nane, 1324

Kwa kaka yangu Miraji, huko Mbwera.

Salamu zangu zikukute umekula ukashiba. Je, kifua kimepoa? Na mbu wa mikokoni wamekubakizia damu? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo, ila ulimi wake, kama unavyoujua, haujapata kuugua.

Tumevuna, kaka. Tangu vita vilipopita na mashamba kuchomwa tulikuwa tukila ming'oko, mizizi ya porini, na mbegu ya mpunga iliyosalia ilikuwa vikapu viwili tu ghalani. Panya wangeimaliza. Aliyeiokoa ni yule paka asiye na mwenyewe, uliyemrushia gongo siku ulipokuta kibuyu chako cha maji ya dawa kitupu.

Alipotea mwezi mzima, akarudi anachechemea na mimba juu. Nikawa namwekea vichwa vya kambare mlangoni pa ghala, kisha najitenga. Siku za kwanza alininunia kama mke mwenza. Baadaye akakubali kula nikiwa nimechuchumaa karibu, na mwisho akazaa watatu ndani ya pakacha kuukuu. Mama aligomba kwamba hatulishi paka watu wakiwa na njaa. Jana nimemkuta anamchambulia paka huyohuyo miba ya samaki. Sasa paka akiniona anakuja kujisugua miguuni, nami nafurahi mno. Mtoto wake mmoja nimempelekea Mwanaidi, mjane wa rafiki yako Abbasi.

Wasafiri waliovukia Ndundu wametuambia hutaki kurudi. Wanasema unaona haya, kwa kuwa Abbasi na wenzako walikwenda vitani wakafa, na wewe ukabaki kwa uzembe wa kuacha kibuyu mahali paka alipoweza kukiangusha.

Kaka, barua hii sikumpa mwalimu aniandikie. Nimeiandika mwenyewe kwa herufi alizotufundisha marehemu baba, maana ina neno lako peke yako. Paka hakumwaga kitu. Maji yale uliyoyafuata Ngarambe, ujinyunyizie siku ya kwenda vitani risasi zisikupate, niliyamwaga mimi, alfajiri, ulipokuwa unasali. Nilijua sharti lenu kwamba asiye na dawa hafuatani na wenye dawa, na kwamba wenzako wasingengoja uende Ngarambe tena. Ulipomwona paka karibu na kibuyu ukamkasirikia yeye. Nikanyamaza, ukamvunja mguu nami natazama.

Kwa paka najuta, ndiyo maana namlea. Abbasi namlilia, na Mwanaidi siwezi kumtazama usoni. Lakini kwako sijuti hata kidogo, ningeyamwaga tena. Basi kama nyumba hii ina mwoga, ni mimi, si wewe.

Njoo unigombeze hapahapa, wali mpya ukiwa mkekani. Mama anakusalimu, majirani wanakusalimu, na mlango hatujaufunga.

Ni mimi mdogo wako, niliyetaka uishi,
Sijaona binti Dadi