Okumu na Mahubiri ya Mbwa

Mwangi, achana na hayo matairi usome hii.

Okumu wetu amenaswa leo kanisani Gumbo. Si hutuambia Kiingereza alikinyonya kwa mama yake? Sasa mkalimani hakuja, na pasta akamwita mbele ya watu wote amtafsirie mhubiri mgeni, mzungu. Angekataaje, na mkewe Achieng amekaa pale anatabasamu?

Huyo kawaja akaanza mahubiri na dog. Okumu akasema mbwa. Sentensi ya pili, dog tena. Okumu akasema mbwa amechoka. Ya tatu, dog haikusikika. Okumu bado: mbwa ameanguka. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hata mimi niliona huyo kawaja hazungumzii mbwa tena.

Kalas, ikawa basi, Okumu akaacha kutafsiri. Ndugu yangu, aliacha kabisa. Kawaja akisema maneno mawili, yeye anahubiri dakika nzima juu ya mbwa wake mwenyewe, yule aliyekataa kula Achieng alipolazwa hospitali.

Wamama wakalia. Kawaja naye akalia, akidhani ni maneno yake.

Nikamfuata Okumu nje, nikamwambia amepona. Akasema, "Nimepona wapi? Kawaja ameniomba kwa pasta. Nimtafsirie wiki nzima, makanisa ya Mangateen na New Site. Pasta amekubali."

Akanishika shati. "Basi la Nimule, la kuvuka mpaka, linatoka saa ngapi?"

Kabla sijajibu, Achieng akaja, akamshika mkono, akaenda kuwaonyesha wamama wengine mume wake.