Saa Moja na Robo hadi Manda

Langoni, Amu
4 Mei 1957

Kwa kaka yangu mpenzi, Jeilani,

Asalaam alaikum. Sisi tu wazima, ila Mama. U hali gani wewe, na kazi ya bandarini? Idd imepita, kanzu yako mpya Mama ameikunja, hataki mtu aishike.

Kaka, ugonjwa wake umezidi. Daktari amezungumza na Ami Madi faraghani. Ami hakutuambia kitu, ila amekuwa mpole ghafla, na upole huo ndio unaonitisha.

Mama anakuulizia wewe tu. Najua ruhusa yako ni siku tatu, na kwa lori zitaishia njiani. Lakini Mwalimu Barka ametupimia ramani. Kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa hadi wa Manda, kisiwa cha ng'ambo yetu hapa, ni maili mia na hamsini, na ndege huenda maili mia na ishirini kwa saa. Nimeifanya hesabu mara mbili: njia nzima ni saa moja na robo. Nilipomwambia Mama, alicheka. "Ndia ni hiyo tu? Hata wali hautaiva!"

Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Khairiya


Mombasa
9 Mei 1957

Kwa mdogo wangu Khairiya,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila barua yako imeniondolea raha. Hesabu yako nilimwonyesha karani wa ndege. Akasema, "Huyu aje akae hapa, mimi nikapumzike."

Nafasi iliyopo ni ya Jumatatu tarehe 20, saa nne asubuhi. Mwambie Mama aningoje.

Kaka yako,
Jeilani


Mombasa
20 Mei 1957, jioni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kwa Mama zaidi. Ndege mliyoisikia leo, nilikuwa ndani yake. Mvua ilituchelewesha, na tulipofika, uwanja wa Manda ulikuwa maji matupu. Rubani akauzunguka mji mara tatu, kisha akaturudisha Mombasa.

Khairiya, niliiona nyumba yetu! Niliona pia watu wamebeba jeneza, wanatoka mtaani kwetu Langoni. Nikajiambia, Langoni ina watu wengi. Nikamsomea marehemu Fatiha. Ni nani aliyetutoka?

Nimepata nafasi nyingine tarehe 3 Juni. Mwambie Mama ni wiki mbili tu.

Kaka yako,
Jeilani


Langoni, Amu
25 Mei 1957

Kwa kaka yangu Jeilani,

Asalaam alaikum. Nakuombea uzima, na nakuomba ukae kitako kabla hujaendelea kusoma.

Ni Mama. Alifariki Jumatatu ile, alfajiri. Simu imekatika kwa mvua, ndiyo maana hukupata habari.

Ami Madi alitaka azikwe mapema. Nikamletea daftari la hesabu yangu. "Ami, saa tano na robo kaka atakuwa Manda."

"Na mvua umeihesabu, binti yangu?"

Hata hivyo aliwasubirisha watu. Saa sita kasorobo akasema basi, maiti hawekwi. Jeneza lilikuwa limeshapita kona tuliposikia ndege. Nilipanda juu ya nyumba nikakupungia kanga. Sijui kama uliniona. Wanaume walisimama, jeneza mabegani, mpaka ndege ikapotea. Kisha wakaenda.

Tikiti usiirudishe. Nyumba imekuwa kubwa mno, na kila anayepiga hodi namkimbilia mlangoni. Njoo. Sasa nakungoja mimi.

Mdogo wako,
Khairiya